Sura ya Sita: Bahari Imefungwa

Saa kumi na moja alfajiri nahodha alitoa kichwa nje ya turubai, akatazama upande wa kusini, akakirudisha. "Leo hapana," alisema, akajifunika kikoi mpaka masikioni. Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ya nne ya safari yangu ya Pemba, na maghorofa ya Posta, Dar es Salaam, bado nayaona bila hata kunyoosha shingo.

Nilipoanza kuandika kitabu hiki nilijiandaa kwa kichefuchefu, kwa jua, kwa kulala juu ya mizigo. Kwa kungoja sikujiandaa. Wote walionipa habari za majahazi walinihadithia mawimbi, matanga na nyota. Hakuna aliyenihadithia jinsi watu sita wanavyojikunyata chini ya turubai moja linalovuja, wakisikiliza mvua, na mifuko mia nne ya saruji iko chini yao. Saruji na mvua ni kama mtu na mkwewe, sharti pawe na kitu katikati. Usiku kucha tulikuwa tukipokezana zamu ya kuteka maji ya ngama kwa ndoo ya rangi iliyokatwa mdomo, na kukaza kamba za turubai kila upepo ulipolifumua.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa nne. Kwa mwenye duka Kariakoo mwezi huo ni masika, basi. Kwa nahodha una mambo mawili yanayogombana. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika, na katikati yake ndipo penye tanga mbili, majuma machache ambayo chombo chaweza kupanda na chaweza kushuka, mradi upepo wenyewe upatikane. Majuma hayohayo ndiyo ya mvua kubwa. Katika mwaka wa kawaida Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 200 mwezi wa nne peke yake, karibu robo ya mvua yote ya mwaka. Sisi tulikuwa tukingoja kusi itusukume kaskazini mpaka Wete, Pemba. Tulichopata ni robo yetu ya mvua.

Mvua yenyewe haimzuii nahodha. "Mvua maji, na sisi tumo majini," aliniambia. Kinachomzuia ni vitu viwili vinavyofuatana nayo. Kwanza macho: mvua ikishuka kama pazia, huoni kisiwa wala mwamba, na mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, meli kubwa zinaingia na kutoka, na nahodha wa meli hana habari na jahazi lenye taa moja ya betri. Pili ni upepo wa wingu. Wingu jeusi huja na upepo wake wenyewe, haufuati kaskazi wala kusi, unatoka popote. Tanga la jahazi ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali ndefu na nzito, na halipunguzwi kwa kukunjwa kidogo kidogo. Ama unalitua lote, ama unalibadilisha, unaweka dogo. Kazi hiyo inataka watu na inataka muda. Upepo ukikuwahi kwa upande usioutegemea, tanga linapigwa kinyume, linajibandika kwenye mlingoti, na hapo halishuki tena. Nahodha alinieleza haya kwa kutumia kijiko na leso ya mkononi, na nikakiri kwamba leso iliponasa kwenye kijiko nilielewa zaidi kuliko kama ningesoma kurasa kumi.

Zaidi ya hayo, tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imetangazwa, na karatasi ya ruhusa ya kuondoka haikutoka. Bahari ilikuwa imefungwa, kwa Mungu na kwa serikali.

Saa mbili asubuhi nahodha aliwaachia mabaharia watatu zamu ya ngama na turubai. Akamtazama kijana wake, mpwa wake, akanitazama na mimi. "Twendeni Mabibo," akasema. "Dada yangu ana bati."

*

Msomaji asiyekaa Dar es Salaam anaweza kudhani mabaharia wanaishi ufukweni. Ufukwe wa jiji hili una wenyewe. Ukitoka Upanga kwenda Oysterbay, Masaki na Msasani utakuta balozi, hoteli na kuta zilizofunikwa maua, na Msasani hukohuko ndiko iliko klabu ya mashua za starehe, mashua nyeupe zimejipanga kila moja kwenye boya lake. Baharia anayetafuta chumba hukitafuta Temeke, Keko, Tandika, Buguruni, Mabibo. Mabibo iko kilomita kadhaa kutoka maji ya chumvi. Wimbi hulisikii hata usiku wa manane. Lakini ukitaka kujua watu wa majini wanashinda wapi bahari ikiwakataa, nenda huko.

Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yamesimama, maana Jangwani kumejaa maji. Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu, unakuja taratibu, na masika yakikolea unapita juu ya Barabara ya Morogoro kama mwenye hati ya kiwanja. Hapo jiji hukatika vipande viwili. Tukapanda daladala za kuzungukia Barabara ya Mandela: Uhasibu, TAZARA, Buguruni, Tabata. Hiyo ndiyo barabara inayotoa mizigo bandarini kuipeleka bara, na asubuhi ile malori ya makontena yalikuwa yamesimama foleni, maji yamefika nusu ya matairi. Nahodha alikuwa amekaa dirishani. Aliniuliza kontena moja linabeba kiasi gani. Nikamwambia lile dogo, la futi 20, ni tani ishirini na kitu.

Alinyamaza mpaka Buguruni. "Basi mimi ni kontena moja," akasema.

Alikuwa sahihi. Mifuko mia nne ya kilo 50 ni tani ishirini. Watu sita, jahazi zima, tanga na nanga na siku nne za kungoja, ni kontena moja, na mbele yetu yalikuwapo labda sitini.

Konda alimwita kijana wetu "baharia" bila kujua kwamba kweli ni baharia. Dar es Salaam ya leo neno hilo limekwishaacha bahari. Ni mwanamume mjanja, mwenye maneno mengi na, wakimsifu zaidi, wanawake wengi. Nionavyo mimi, ladha hiyo ilitoka kwa wazamiaji, vijana wa Keko na Temeke waliokuwa wakijificha ndani ya meli bandarini bila kujua zinakwenda wapi, na waliofanikiwa wakarudi, au wakatuma picha, wakawa mashujaa wa kijiwe. Wengi waliishia Afrika Kusini. Jijini Cape Town kuna Watanzania walioishi miaka chini ya madaraja ya barabara iliyo jirani na bandari, wakingoja meli nyingine, na barabara hiyo inaitwa Nelson Mandela Boulevard. Mtu katoka Barabara ya Mandela akafika Barabara ya Mandela. Nao walikuwa wakingoja.

"Basi mpunguzie baharia nauli," kijana wetu akamjibu konda. Konda alicheka sana. Hakupunguza.

*

Jina la Mabibo linanukia mikorosho. Bibo ni lile tunda laini, jekundu au la njano, ambalo korosho huning'inia chini yake. Watoto wa pwani wanajua jinsi linavyokausha ulimi na kutia madoa yasiyotoka kwenye shati. Sasa utazunguka Mabibo nzima utafute mkorosho: utakuta nyumba zilizopakana ukuta kwa ukuta, hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, viwanda vya upande wa External, na kiwanda cha Urafiki kwa jirani, kile kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, kilichowavika khanga bibi zetu. Tunda limebaki kwenye kibao cha daladala.

Na tunda lenyewe ni msafiri. Mkorosho si mti wa huku. Ni mti wa Brazil, Wareno ndio waliouvusha bahari katika karne ya 16, na neno "kanju" tunalolitumia kwa korosho sehemu nyingine za pwani lilikuja nao, na wao walilichukua kwa wenyeji wa huko. Muhogo ulikuja vivyo hivyo, na mahindi, na papai. Mtu akikuambia kwamba upande wa pili wa Atlantiki hautuhusu, mwulize amekunywa chai na nini.

Tulishuka, tukapitia Mahakama ya Ndizi ili tusiingie nyumbani kwa dada mikono mitupu. Hilo ni soko, si mahakama, ingawa kelele za bei zingemfaa wakili. Ndizi hufika hapo kutoka Kilimanjaro, Mbeya, Kagera na Morogoro, kwa malori, na siku ya mvua soko lote linakuwa uji: matope meusi, majani ya migomba yaliyosagika, maganda, magunia yaliyotandazwa njiani ili mtu apate pa kukanyaga, na magunia nayo yamezama. Wapagazi wanapita na mikungu begani wakipiga kelele watu wapishe, na hawapunguzi mwendo. Mimi nilikuwa navua kiatu kimoja matopeni kila hatua ya tatu. Nahodha alivua vyote viwili mapema, akavifunga kamba, akavitundika shingoni, akapita katikati ya soko peku, magoti yamelegea kidogo na nyayo zimetanuka, kama anavyotembea kwenye sitaha iliyolowa. Hakuteleza hata mara moja. Alichagua ndizi za mkono wa tembo, akazibofya moja moja, akabishana bei kwa sauti ya chini, akashinda.

*

"Shikamoo dada," nahodha alisema mlangoni, na huyu ni mtu ambaye bandarini kila anayepita humwamkia yeye kwanza.

"Marahaba. Mmelowa hivyo mnaingia wapi? Simameni hapohapo." Akatuletea khanga tatu kavu. Nahodha wa jahazi alikaa sebuleni kutwa nzima amejifunga khanga ya maua ya waridi, na hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulikuwa tumejifunga.

Bati lilikuwapo kweli, lakini lilikuwa na matundu. Katikati ya sebule palikuwa na sufuria mbili na beseni, na matone yalikuwa yakilia kwa sauti tatu tofauti. Mama mwenye nyumba alikuwa amezizoea. Anazisogeza kwa mguu akipita, bila kutazama. Nahodha alijaribu kunywa chai. Nilimwona akitazama juu, kisha beseni, kisha juu. Alivumilia kikombe kimoja.

"Una pamba?"

"Pamba ya nini?"

"Pamba tu. Na lami, au rangi ya mafuta, chochote kinachonata."

Pamba ilitoka ndani ya mto wa zamani. Lami ilipatikana kwa fundi wa jirani, donge moja kwenye kopo, likayeyushwa juu ya jiko la mkaa. Mvua ilipopungua kidogo kijana akapandishwa juu ya bati na mjomba wake akabaki chini akimwelekeza, na hapo nikaona kwa mara ya kwanza kazi niliyokuwa nimeisoma tu. Kukalafati ni kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba iliyosokotwa na kupakwa mafuta, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo mpaka ubao wenyewe unalia. Majahazi mengi hupandishwa pwani majira haya ya masika kwa ajili ya kazi hiyo, kisha chini hupakwa deheni ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Juu ya bati hakukuwa na ubao, kulikuwa na matundu ya misumari tu. Lakini nahodha alisokota pamba kati ya vidole vyake, nyembamba kama utambi, akaitia kwenye lami, akampa kijana, na kila mara alirudia neno lilelile: "Isokote ndani, usiibandike juu. Ukibandika juu unajidanganya."

Matone mawili yalikoma. La tatu lilihama, likaenda kudondokea kitandani. Mama alisema afadhali lilipokuwa.

*

Mchana tulikula ndizi zilizopikwa kwa nazi pamoja na dagaa, tukacheza dhumna, na umeme ulipokatika tukaendelea kucheza kwa mwanga wa mlangoni. Mdogo wake kijana, anayesoma hapo Chuo cha Usafirishaji, alirudi saa tisa akiwa amelowa chapachapa. Yeye ndiye aliyetuletea Karibiani.

Ilikuwa kwenye simu yake. Mwanamume wa Kizungu na mkewe, wenye mashua yao ya matanga, wanazunguka visiwa vya huko na kujirekodi. Siku hiyo waliyoirekodi ilikuwa ya mvua. Wako nchi kavu, kwenye baraza ya mgahawa, soksi zao wameanika juu ya migongo ya viti, nyuma yao unaona bandari na milingoti mingi ikiyumba kwenye mvua ya rangi ya majivu. Mume anaeleza kwamba hawawezi kuondoka. Mke anasema ni siku ya tatu. Intaneti ni mbovu, nguo hazikauki, ndani ya mashua kila kitu kimeota ukungu.

Nahodha aliisogeza simu karibu na macho. Kizungu hakijui, lakini aliuliza maswali mazuri kuliko ambayo ningeuliza mimi.

"Wamepakia nini?"

"Hawajapakia kitu, mjomba."

"Chombo kitupu?"

"Kitupu. Wanatembea tu."

"Wanatembea kwenda wapi?"

"Kisiwa hiki mpaka kile. Halafu wanarudi."

Nahodha alifikiri. "Kisichopinduka ni kwa nini? Bila shehena lazima pawe na farumi."

Hilo nililijua, nikafurahi kuwa na jibu. Nilimwambia kwamba mashua za namna ile zina farumi ya kudumu, risasi au chuma kilichoshikizwa chini ya mkuku, wanazunguka nayo dunia nzima. Nahodha aliipenda sana habari hiyo. Kwake farumi ni mawe au mchanga unaoupakia ukikosa mzigo na kuumwaga ukiupata. Ni alama ya safari isiyo na faida. Mtu anayelipa apewe chombo chenye farumi isiyotoka, alisema, huyo ameamua tangu mwanzo kwamba hatapakia kitu maisha yake yote.

Akaitazama tena picha. "Huyu mwanamke kachoka. Namjua uso huo. Huo uso wa mtu anayengoja mwenzake aseme tuondoke."

Sote tukamtazama yule mwanamke. Kweli.

Wale wana kalenda yao, na inafanana na yetu kuliko nilivyodhani. Pepo za mashariki huwavusha Atlantiki mwishoni mwa mwaka, wanatembea visiwani miezi ya ukavu, na kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba ni msimu wa vimbunga. Neno la Kiingereza la vimbunga hivyo limetokana na lugha ya Wataino, wenyeji wa visiwa hivyo kabla ya Wazungu kufika. Msimu ukikaribia, wengine huzipandisha mashua nchi kavu na kuzifunga kwa mikanda; wengine hukimbilia kusini, Grenada na Trinidad, ambako kimbunga hakifiki mara nyingi. Mara nyingi si kila mara. Mwaka 2004 kimbunga Ivan kiliipiga Grenada na kuzilaza mashua zilizokwenda kujificha pale. Tarehe 1 Julai 2024 Beryl kikapita juu ya kisiwa cha Carriacou, jirani yake, msimu ukiwa na mwezi mmoja tu.

"Sisi hatuna vimbunga," alisema yule mwanafunzi.

Nilimkumbusha Hidaya. Miezi miwili kabla ya Beryl, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga hicho kilifika pwani yetu karibu na Mafia, na boti za Unguja zilisimama. Ni kweli kwamba havitufikii mara kwa mara. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisokote, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kusokota ni ndogo mno. Dar es Salaam iko chini kidogo tu ya nyuzi 7 kusini. Msumbiji ndiyo inayopigwa. Hata Kenneth, Aprili 2019, kiliingia Cabo Delgado, Mtwara ikiwa imekwisha kujiandaa. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na Unguja ilipigwa Aprili 1872, siku ambayo meli za Sultan Barghash ziliharibiwa zikiwa bandarini, na minazi na mikarafuu ya kisiwa ikang'oka kwa maelfu.

Nahodha, ambaye alikuwa kimya akipanga vipande vya dhumna, aliinua kichwa. "Pemba hakikufika," akasema.

Hakikufika. Mkarafuu unachukua miaka mingi tangu kupandwa mpaka kuzaa vizuri, kwa hiyo Unguja ilipokuwa ikianza upya Pemba ilikuwa inachuma, na tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Bandari ya Wete, tuliyokuwa tukiifuata kwa saruji yetu, na majamvi ya karafuu yaliyoanikwa kando ya barabara zake, kwa kiasi fulani ni kazi ya kimbunga kilichokosea njia kidogo. Nahodha, mtu wa Kojani huko Pemba, hahitaji kuambiwa hilo na mwandishi. Alirudi kwenye dhumna yake, akashinda.

*

Jioni redio ya mama ilisoma utabiri. Nahodha alisikiliza wote, kwa adabu, kisha akahesabu kwa vidole. Yeye hahesabu kutoka Januari. Anahesabu kutoka Nairuzi, siku ya mwaka ya watu wa pwani, ambayo wazee waliirithi kutoka Uajemi na ambayo kule Makunduchi bado husherehekewa kila mwezi wa saba kwa Mwaka Kogwa. Siku zinahesabiwa kwa makumi, kila kumi ni mwongo, na manahodha wa zamani walijua mwongo gani una upepo gani na mwongo gani si wa kutia chombo majini. Kwa hesabu yake tulikuwa karibu na mia mbili na sabini.

"Redio inasema kesho," alisema. "Nami nasema kesho kutwa." Nilimwuliza wakigongana anamfuata nani. "Anayesema ngoja," akajibu. "Yeyote kati yao."

Katika siku zote za safari ile sikusikia neno la kitaalamu kuliko hilo. Tunaandika sana habari za manahodha walioshinda dhoruba. Wale wasioondoka hawaandikwi, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait, Bayan, mwaka 1938 na 1939, akashuka nalo mpaka Unguja na delta ya Rufiji kupakia boriti, aliandika kitabu kinachosomwa hadi leo. Watu hukumbuka tanga kubwa na nyimbo za mabaharia, lakini kurasa nyingi chombo kimetia nanga na watu wanangoja mzigo, au upepo, au mtu fulani arudi kutoka mjini. Boriti hizo za Rufiji ziliezeka nyumba za Kuwait na Bahrain, na upana wa vyumba vya huko ulifuata urefu wa boriti. Kila chumba kilingoja kwanza matopeni.

Usiku nililala kwenye mkeka, tone la tatu likiwa limerudi kwenye beseni lake. Mabondeni kwa chini, upande wa Kigogo, maji yalikuwa yakishuka kwa kishindo kwenda Msimbazi, na watu wa huko hawakuwa wakicheza dhumna. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao arobaini katika jiji hili, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Sikuweza kuifurahia sauti ya mvua juu ya bati baada ya kulikumbuka hilo, na sioni kwa nini mtu aifurahie.

Siku ya pili ilikuwa kama ya kwanza, ila ndizi zilikuwa zimeiva.

Siku ya tatu nahodha alituamsha saa tisa usiku. Mvua haikuwapo. Alisimama uani, akalowesha kidole, ingawa nadhani hakukihitaji. Kusi ilikuwa imeshika. Karatasi ilitoka saa mbili asubuhi, tukang'oa nanga maji yalipojaa, na tulipopita nje ya mlango wa Msimbazi bahari ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, chupa za plastiki na majani ya migomba vikielea kuelekea Unguja. Mvua ya Mabibo ilikuwa imetutangulia.

Tulipofunua turubai kukagua shehena tulikuta mifuko kumi na minne imeganda kuwa mawe. Mwenye mzigo alipigiwa simu, akapiga kelele, akatulia. Nahodha hakuitupa. Aliamuru ishushwe chini kabisa, juu ya mkuku, iwe farumi ya kurudia.